Kitambaa cha mwaka mmoja: shajara ya kutarizi kwa uzi wa rangi moja

Kabla ya mshono wa kwanza

Lengo la mradi huu ni dogo, na ninaliandika wazi ili nisije nikalizungusha baadaye: kutarizi kidogo kila jioni kwa mwaka mzima, kwenye kitambaa kimoja, kwa uzi wa rangi moja, bila kufanya jambo lingine kwa wakati huohuo. Sina haja ya pambo la ukutani. Ninachotaka ni kujua ninavyokuwa jioni inapoingia, kwa sababu mchana nina majibu mengi kuhusu nafsi yangu, na mengi kati yake ni ya kuwapa watu tu.

Kitambaa ni kitani cha rangi yake ya asili, mraba wa sentimita 60 kila upande. Nimependa kitani kwa kuwa nyuzi zake za mtande na mshindio (za urefu na za upana) huonekana kwa macho, na jicho linaloweza kufuata uzi mmoja mmoja halihitaji kuchorewa sana. Nimechora duara kubwa kwa kalamu inayofutika kwa maji, nikaligawa vipande 12 kuanzia katikati, kila mwezi na kipande chake. Ndani ya vipande hivyo sijachora kitu. Picha iliyokwisha kuchorwa humfanya mtarizi awe mtu wa kujaza nafasi, na akili ikishaujua mwisho wa kazi huanza kuukimbilia.

Kuhusu rangi. Wengi wanaotunza shajara ya uzi huipa kila hisia rangi yake: nyekundu ya hasira, njano ya furaha, kijivu cha uchovu. Nimeifikiria njia hiyo kwa muda mrefu na nimeikataa. Inanidai niipe hisia jina kabla sijakaa nayo, na nikishautunga uzi mwekundu kwenye sindano nitakuwa mtu mwenye hasira mpaka nilale, hata kama chini ya hasira hiyo kulikuwa na huzuni. Basi uzi ni mmoja, buluu ya nili iliyokoza. Kama kuna tofauti kati ya jioni moja na nyingine, itabidi ijitokeze katika mkono wenyewe: urefu wa mshono, nafasi kati ya mishono, na jinsi uzi ulivyovutwa.

Mengine ni ya vifaa. Uzi wa pamba wa kutarizi kwa kawaida huwa na nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja, nazo hutenganishwa kwa urahisi, natumia mbili. Urefu ni kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni, kama sentimita 45. Ukizidisha, uzi hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, hutoa vinyweleo na kukonda kabla haujaisha. Sindano ni namba 8 (katika sindano za kutarizi, namba ikipanda unene unashuka). Simu inabaki chumba kingine, na redio imezimwa. Najua wengi hutarizi huku wakisikiliza kitu na hufurahia. Huo ni utarizi mzuri, ila si mradi huu.

Januari: bandi

Nimeanza na mshono ulio rahisi kuliko yote, bandi, ule ambao washonaji huutumia kushikiza nguo kwa muda kabla ya kuishona kabisa. Sindano inashuka, inapanda, inashuka. Wepesi wake usimdanganye mtu. Sashiko ya Japani, iliyokua enzi za Edo (1603–1868) mikononi mwa watu wa vijijini waliohitaji kuimarisha nguo zilizochakaa, msingi wake ni bandi, mara nyingi uzi mweupe juu ya kitambaa cha nili. Kantha ya Bengali, eneo la India na Bangladesh, ni vilevile: sari kuukuu hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha huunganishwa kwa bandi mpaka kitambaa kizima kinapata mawimbi madogo. Watu wale walikuwa wakiokoa nguo, hawakuwa na nafasi ya kutafuta utulivu wa akili, na naona ni vyema kulikumbuka hilo kabla ya kuyapa mambo haya majina makubwa.

Natarizi kwa kuchoma. Fremu ya duara imekikaza kitambaa, mkono mmoja uko juu, mwingine chini, na sindano hupita wima kwenda na kurudi. Ugumu uko kwenye kupanda. Sindano ikishashuka haionekani tena. Mkono wa chini huitafutia njia kwa kugusa, na ncha yake hupapasa nyuma ya kitambaa mpaka ipate mahali pake. Muda huo mfupi, kabla ncha haijatokeza, ndio nimeuchagua uwe mahali pa kurudishia mawazo yangu.

Mafunzo ya uzingativu, yaani kuiweka akili kwenye kinachotokea sasa, aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, yanayochukua wiki nane, huitumia pumzi kwa kazi hiyohiyo. Akili inatoroka, unagundua kwamba imetoroka, unairudisha bila kuikemea. Ikitoroka tena, unairudisha tena. Sijawahi kuiweza pumzi. Pumzi haiachi alama. Nikiondoka kimawazo kisha nikarudi, sina pa kuona nilipoishia. Kwenye kitani napaona. Mishono niliyoipiga nikiwa mbali iko palepale, na mara nyingi imepinda kidogo kuelekea upande wa mkono unaovuta.

Hilo limenishangaza kuliko lolote mwezi huu: si kwamba mawazo hutoroka, bali kwamba hutoroka kwenye mshono uleule wa kila mstari, ule wa kabla ya mwisho. Kazi ikikaribia kukamilika naiacha kabla sijaimaliza. Nimeiandika hapa bila kuifafanua zaidi. Bado naitazama.

Februari: mvuto

Kipande cha pili nakifanya kwa mshono wa kurudi nyuma. Sindano hutokeza mbele, hurudi kushuka pale mshono uliopita ulipoishia, kisha hutokeza mbele tena. Mstari unaopatikana hauna pengo, na kwa sababu hauna pengo, kila badiliko la mkono linaonekana.

Nimejifunza kusoma mambo mawili. La kwanza ni mvuto. Uzi ukikazwa mno, kitani hujikunja pande zote za mshono na mashimo ya sindano hupanuka. Ukilegezwa, uzi hubaki umeinuka juu ya kitambaa na kidole kikipita hukwama. La pili ni urefu. Mishono huwa mirefu ninapotaka kumaliza na huwa mifupi mno ninapoogopa kukosea.

Kuna jioni niliyoingia kitandani nikiwa na uhakika kwamba nilikuwa nimetulia. Sikumbuki wazo lolote baya. Asubuhi nikakitazama kitambaa kwenye mwanga wa dirishani: mishono yote ya jioni ile imekazwa, kitani kimesinyaa kufuata mstari. Nikajiuliza nilikuwa nikifanya nini, na jibu likaja taratibu. Nilikuwa nikijibizana na mtu kichwani. Maneno yalikuwa ya upole, sauti ya upole, hoja zimepangika vizuri, na kwa sababu ya upole ule sikuyatambua kuwa ni ugomvi. Mkono uliyatambua.

Tangu hapo nimeanza kuangalia kwa makini, na kwa mkono wangu mambo yako hivi: hasira iliyo wazi haikazi uzi, huurefusha mshono tu. Kinachokaza ni mabishano ya kimyakimya. Huzuni hulegeza. Uchovu huleta mishono iliyo sawasawa kabisa, mizuri kuliko yote, na nilipoliona hilo nilisikitika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuuhesabu unadhifu kuwa ni dalili ya kuwepo kimawazo. Mkono wa mwingine utasema mengine. Sidhani kuna orodha ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake. Anayetaka kujua inampasa akae na kitambaa chake mpaka akizoee.

Kuna desturi moja ya utarizi iliyonisaidia, nayo ipo kwa sababu za kiufundi tu. Kila sindano inapopita, vidole huizungusha kidogo bila kukusudia, na uzi hujisokota. Usipoushughulikia utajifunga kifundo. Dawa yake ni kuiachia sindano ining'inie chini ya kitambaa, uzi ujifungue wenyewe. Inazunguka haraka, inapunguza mwendo, inasimama. Nimeamua kwamba wakati inazunguka, nami naukagua mwili: taya, mabega, kidole gumba kinachobana sindano. Karibu kila mara taya limekazwa. Siliamrishi lilegee. Nalitambua, na kwa kawaida linalegea kabla sindano haijasimama.

Machi: wanawake wawili

Mwezi huu nimetarizi kidogo na kusoma zaidi, na kuna kazi mbili ambazo zimenikaa moyoni.

Ya kwanza iko katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London. Ni kipande cha kitani alichokitarizi Elizabeth Parker, msichana Mwingereza mtumishi wa ndani, karibu na mwaka 1830. Hakina maua, hakina mpaka wa mapambo, hakina alfabeti ya mazoezi kama vitambaa vya wasichana wa wakati wake. Kina maneno tu, mstari chini ya mstari, kwa mishono midogo ya msalaba ya uzi mwekundu. Anaanza kwa kusema kwamba kwa kuwa hawezi kuandika, anayaweka haya kwa wepesi na uwazi kama ambavyo angezungumza na mtu anayemwamini. Kisha anasimulia alivyotendewa ukatili na waajiri wake, na alivyofikia kutaka kujiua. Maandishi yanakatika katikati ya sentensi, anapouliza nafsi yake itakuwaje. Chini yake kitani kimebaki kitupu. Elizabeth Parker hakufa wakati ule. Aliishi miaka mingi baadaye na akawa mwalimu.

Ya pili ni koti la Agnes Richter, mshonaji aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Ujerumani. Mnamo mwaka 1895 alijishonea koti kutokana na kitani cha hospitali, akalitarizi maneno ndani na nje. Leo limo katika mkusanyo wa Prinzhorn, wa kazi za sanaa za wagonjwa wa akili, mjini Heidelberg. Maandishi yake ni ya mtindo wa zamani wa Kijerumani, yamepandana na kusuguliwa na mwili wake mwenyewe, kiasi kwamba sehemu kubwa haisomeki. Linalosomeka tena na tena ni "mimi".

Ninachokichukua kutoka kwao ni mwendo. Anayeandika kwa kalamu anaweza kumwaga ukurasa mzima kabla hajajua anasema nini. Herufi moja ya mishono ya msalaba hudai misalaba kadhaa, na kila msalaba sindano ipande na kushuka mara mbili. Maneno aliyoyachagua Elizabeth Parker alilazimika kukaa nayo, kila herufi, hata yale ya aibu na ya kifo. Sijui kama yuko anayeweza kujidanganya kwa mwendo huo kwa muda mrefu hivyo. Kwa heshima yao, katika kipande cha Machi nimetarizi sentensi moja yangu. Sitaiandika hapa.

Aprili na Mei: shina

Mshono wa shina, mistari iliyopinda, kazi laini isiyo na habari nyingi. Kanuni pekee ni uzi kubaki upande uleule wa sindano daima, ama sivyo mstari huvunjika sura.

Dokezo la mwili kwa atakayefuata njia hii: mwanga utoke upande ulio kinyume na mkono unaotarizi, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Inua macho mara kwa mara utazame kitu kilicho mbali. Fremu iegemee meza, isishikwe hewani, kwa sababu mkono unaoning'iniza fremu hukaza bega, na bega lililokaza litakuandikia kwenye kitambaa habari ambazo si za moyo. Nimelitilia mkazo hilo kwa sababu msomaji wa mvuto lazima kwanza aondoe maumivu ya kukaa vibaya.

Juni: mnyororo na kufumua

Mshono wa mnyororo hujengwa kwa vitanzi, kila kitanzi kikishikwa na kinachofuata. Cha mwisho hufungwa kwa mshono mdogo. Ukikiacha bila kukifunga, vuta uzi kidogo tu na safu nzima hufumuka kwa kufuatana hadi mwanzo. Mshono huu ndio umenilazimisha nifikiri kuhusu kufumua, ambako kunanihusu zaidi ya kutarizi.

Katika mafundisho ya utarizi, kufumua ni sehemu ya kazi. Unakata uzi kwa ncha ya mkasi kwa nyuma, unauchomoa kidogo kidogo, unasugua mashimo kwa ukucha ili mtande na mshindio zirudi mahali pake. Ni kazi ya utulivu mkubwa na sina neno baya juu yake. Lakini katika mradi unaokusudia kumwona mtu alivyo, kila kufumua ni kufuta ushahidi. Nimeweka kanuni: nafumua kile kitakachokiumiza kitambaa, kama uzi uliopita nje ya ukingo wa fremu au kifundo kitakachochanika kwenye kufua. Kilichokaa vibaya kwa macho kinabaki.

Si kanuni rahisi kuitii. Vidole vinaufuata mkasi vyenyewe. Nikiona mshono uliopotoka, kwanza naona joto shingoni, kisha naona sababu nzuri za kuufumua: utaharibu sura ya kipande, watu wataona, ni suala la kuheshimu kazi. Sababu hizo huja haraka sana, zimevaa vizuri. Nazisikiliza mpaka joto lishuke. Likishashuka, mara nyingi mshono wenyewe haunisumbui tena, na naelewa kwamba nilichotaka kukifuta ni lile joto.

Agosti: utulivu wa aina mbili

Nyumbani kumekuwa na ugonjwa, na nimetarizi kwa saa nyingi kuliko kawaida. Mishono ya mwezi huu ni safi, mvuto ni ule mmoja, urefu ni mmoja. Nimeshaandika Februari maana ya mishono ya namna hiyo kwa mkono wangu.

Kuna utulivu wa kuwepo na kuna utulivu wa kujisahaulisha, na sindano inatoa wote wawili. Unaojisahaulisha hufunga mlango: mkono unaenda, saa zinapita, ukiinuka hukumbuki kitu. Vitabu vya uzingativu huwa vinaudharau kidogo. Mimi sitaudharau. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wengi waliojeruhiwa mwili na akili walifundishwa kutarizi hospitalini huko Uingereza, na ukaanzishwa mradi maalumu wa utarizi wa wanajeshi wenye ulemavu ili wapate kipato kwa kazi wanayoweza kuifanya wakiwa wamelala kitandani. Wengine walitarizi sehemu za kitambaa cha madhabahu cha Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Siwezi kufikiri kwamba mtu aliyetoka kwenye mahandaki yale alihitaji kila jioni kutazama yaliyomo moyoni mwake. Alihitaji mahali ambapo moyo wake ungekaa bila kuitwa.

Kwa hiyo mwezi huu nimeutaja kwa jina lake katika daftari: natarizi ili nisifikiri. Kuutaja kumenitosha. Kipande cha Agosti kina mstari wa mishono ya kurudi nyuma unaozunguka kama konokono, na kila ninapokitazama najua ni nini.

Septemba: nyuma

Nimeitoa fremu na kukigeuza kitambaa. Upande wa mbele nimeuona kila siku; huu wa nyuma nimeuona kwa kidole tu.

Mbele kunaonyesha maamuzi, nyuma kunaonyesha safari. Pale nilipokatiza kutoka mstari mmoja hadi mwingine, uzi umelala wazi. Pale nilipoanza uzi mpya nimeuona mkia wake uliopitishwa chini ya mishono jirani, kwa sababu sifungi vifundo. Kwenye Machi kuna mikia mingi iliyokaribiana: nilikuwa nikianza na kuacha, kuanza na kuacha, na sentensi ile fupi mbele haionyeshi hata kidogo. Agosti nyuma yake ni nadhifu kama mbele.

Kile kitambaa mashuhuri cha Bayeux nchini Ufaransa, kazi ya karne ya 11 yenye urefu unaokaribia mita 70, inayosimulia Wanormandi walivyoivamia Uingereza mwaka 1066, huitwa zulia la ukutani lakini kwa kweli ni utarizi, sufu juu ya kitani. Wataalamu walipokichunguza kwa nyuma mwaka 1982 na 1983, walikuta rangi zimehifadhika vizuri zaidi kuliko mbele, kwa kuwa mwanga haukuzifikia. Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa. Mbele ndiko kulikotazamwa na vizazi vyote, na kutazamwa huko kulikuwa na gharama yake.

Oktoba: kujaza

Mshono wa satini, kujaza majani madogo. Kabla ya kujaza, naupitia ukingo wa jani kwa mshono wa kupasua uzi, ambao baadaye hufunikwa kabisa. Hakuna atakayeuona. Bila huo, ukingo wa satini hutambaa.

Nimekuwa nikichelewa kufika kwenye mshono mmoja kabla ya mwisho, ule niliouandika Januari. Bado mawazo hutoroka hapo. Tofauti ni kwamba sasa naona yanakokwenda: kwenye kazi inayofuata, ili hii isije ikahukumiwa. Nikilijua hilo napiga mshono wa mwisho polepole, nikiwepo, hata kama jani si zuri.

Yaliyobaki

Vipande viwili. Cha Novemba nitakitarizi kwa mkono wa kushoto wote, bandi tupu, kwa sababu mkono wa kulia nimeshauzoea na unanificha mambo. Cha Desemba sijakiamulia.

Baada ya hapo nitakiloweka kitambaa kwenye maji baridi, bila moto, mpaka mistari ya kalamu iishe, kisha nitakipiga pasi uso ukiwa chini juu ya taulo nene ili mishono isibonyee. Sitajaribu kuinyoosha sehemu iliyosinyaa ya Februari zaidi ya pale pasi itakapofika. Pindo nitalishona kwa mkono pande zote nne. Bitana sitaweka, na kitatunzwa kimekunjwa ndani ya kisanduku, ili atakayekitaka akifungue na kukisoma pande zote mbili.